Nimepewa usimamizi wa kituo cha vifaranga vya samaki: nianze kujifunza nini?

Mlinda Bwawa

Ndugu zangu, nimefanya kazi miaka minne kwenye mabwawa ya kukuzia samaki, na mwezi ujao ninahamishiwa katika kituo cha kutotolesha na kulea vifaranga vya kambare na perege, nikiwa msimamizi wa watu saba. Kulisha, kupima maji na kuvuna ninakujua, lakini sijawahi kushika yai la samaki hata siku moja. Ninaomba wenye uzoefu mnieleze kazi hii inamdai nini hasa msimamizi, na kama mtu aliyetoka mabwawani anaweza kuimudu bila kurudi chuoni kwanza.

Mchunga Tangi

Utaimudu, ndugu yangu, ila ujiandae kuishi na saa mkononi. Bwawani kosa la Jumatatu waweza kulirekebisha Jumatano. Kwenye tangi la vifaranga wa siku nne, kosa la usiku huokotwa alfajiri kwa chujio.

Mtazame kambare. Jike akishachomwa sindano ya homoni katika maji ya nyuzi 25, mayai yake huwa tayari kukamuliwa baada ya muda wa saa 11 hivi, na katika maji ya nyuzi 30 muda huo hushuka hadi saa 7 hivi. Ukichelewa, mayai huharibika tumboni. Kwa hiyo ni wewe utakayepanga sindano ichomwe lini, ili ukamuaji uangukie wakati ambao watu wako wapo na hawajachoka. Mayai yakianguliwa, vifaranga huishi kwa akiba ya kiini kwa siku tatu hivi, kisha hutaka kula mara moja, na hapo ndipo vituo vingi hupata hasara. Chakula bora cha mwanzo ni vijidudu vya atemia (jamii ya kamba wadogo sana wa majini) vilivyo hai, ambavyo navyo huchukua takriban siku nzima kuanguliwa katika maji ya chumvi yenye joto na hewa; msimamizi anayeanza kuviandaa siku vifaranga wanapoona njaa amekwisha kuchelewa. Mimi huchota vifaranga wachache kwa bakuli jeupe na kuwamulika kwa tochi: aliyekula huonyesha tumbo la rangi ya machungwa kupitia ngozi yake, na asiyekula tumbo lake halina rangi yoyote. Taarifa zote za kulisha ninazosaini huzilinganisha na bakuli hilo.

Jambo jingine ni hewa. Tunamjua kambare kama samaki anayepanda juu kuvuta hewa, lakini kiungo cha kumwezesha hayo huwa bado hakijakomaa katika wiki zake za mwanzo, na hutegemea oksijeni ya majini kama samaki mwingine yeyote. Kituo kimoja nilichofanyia kazi, mashine ya kupulizia hewa ilizimika usiku na kengele ikalia, lakini mlinzi wa zamu hakujua inamaanisha nini. Tulipoteza tangi zima. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwa nimemweleza, na tangu siku hiyo kila anayelala kituoni, hata kama hahusiki na samaki, ninamwelekeza mwenyewe kuwasha jenereta.

Mtunza Wazazi

Ninaunga mkono hayo, nami niongeze la wazazi, kwa sababu madhara yake hayaonekani kituoni. Kundi la wazazi likitokana na ndugu wa tumbo moja, vifaranga watatoka wengi na wa kupendeza, halafu miezi kadhaa baadaye mfugaji anakuta samaki waliodumaa na hajui sababu. Tafadhali weka kumbukumbu za asili ya kila kundi tangu siku ya kwanza, na wazazi wageni wakae karantini, wakiwa na nyavu na ndoo zao wenyewe.

Kwa perege, kawaida huwekwa dume mmoja kwa majike wawili au watatu, na mayai hutolewa kinywani mwa jike, anamoyaatamia, kila baada ya siku chache ili vifaranga wawe wa umri mmoja. Ikiwa kituo chenu huzalisha madume watupu kwa chakula chenye homoni, ulishaji huo huanza mapema kabisa, kabla jinsia haijajitenga, na huendelea kwa siku 21 hadi 28. Anayechanganya chakula hicho avae glavu na barakoa. Hilo halina mjadala.

Mlinda Bwawa

Nimefaidika sana, ndugu zangu. Na vifaranga wakishahamia kitaluni, kazi inapungua?

Mchunga Tangi

Hubadilika tu. Kambare wasipochambuliwa kwa ukubwa kila wiki au siku kumi, wakubwa huwala wadogo, na utashangaa idadi inashuka bila kuona mzoga hata mmoja. Siku ya mauzo, wafungishe kula kwa siku moja kabla ya safari, theluthi ya mfuko iwe maji na iliyobaki oksijeni. Idadi usiikisie kwa macho. Pima uzito wa vifaranga mia moja, urudie mara tatu kutoka sehemu tofauti za tangi, mteja akiwa amesimama hapo hapo anaangalia mizani.