Kuendesha gari Sesriem hadi Sossusvlei: wazoefu wa mchanga tupeane uzoefu

Kijana_Chuno: Wakuu, picha za matuta mekundu ya Sossusvlei, jangwa la Namib kule Namibia, zinazunguka huku Mtwara na kila mtu anajibu "mbona hata ufukweni Msimbati mchanga upo". Wanaopajua waseme: gari gani, upepo wa tairi kiasi gani, wapi pananasa.

Fundi_Chikongola: Kutoka Sesriem, kwenye geti la kuingilia hifadhini, ni lami kilomita 60, hata IST inapita. Tuta 45 lipo kilomita ya 45, ndiyo jina lake. Lami inaishia kwenye maegesho; zinabaki kama kilomita 5 za mchanga mtupu, na hapo ndipo watu wanapozikwa. Wanaingia na upepo wa lami, pauni 32 au 35. Tairi lililojaa linagusa chini padogo, kwa hiyo linakata mchanga badala ya kupita juu yake. Shusha hadi 18, ukiwa na mzigo 20. Chini ya 15 kona kali inachomoa tairi kwenye ringi. Funga fowili (matairi yote manne yasukume) KABLA ya kuugusa mchanga, gia nzito (low), namba mbili, mguu usipande wala kushuka. Gari ikianza kuzama acha mafuta! Ukikanyaga unachimba tu, mpaka chasisi inalala juu ya mchanga na matairi yanazunguka bure. Hapo ni koleo: fukua chini ya difu (bonge la gia katikati ya ekseli) na nyuma ya kila tairi, shusha hadi 12, rudi nyuma kwenye alama zako, umeshazishindilia.

Bi_Korosho: Hapo kwenye kurudi nyuma naunga mkono. Wengi wanalazimisha mbele.

Shangani_Mjini: Pauni 12 unaua tairi.

Fundi_Chikongola: Ya kujinasua, mkuu, mita chache na usukani umenyooka. Soma vizuri.

Mwana_Madimba: Jangwa lina nafuu, halina bamvua. Kuna Prado ilinasa Msimbati maji yanajaa. Dereva anakanyaga, wimbi likirudi linachota mchanga chini ya matairi, gari inazama hata ikiwa imezimwa. Maji yalifika kwenye viti. Wakafunga kamba kwenye boli ya trela, ikakatika, ikapita juu ya vichwa vya watu kama risasi.

Shangani_Mjini: Weee! Ikatokaje?

Mwana_Madimba: Trekta, maji yalipokupwa. Kamba kwenye ndoano ya chasisi safari hii.

Kijana_Chuno: Turudi Namib jamani.

Dereva_Masasi: Njia ni Masasi, Tunduru, Songea, Makambako, Mbeya, Tunduma, unakata Zambia hadi Sesheke, unavuka Zambezi kuingia Katima Mulilo. Nenda na gari yako unayoijua.

Bi_Korosho: Kaka, kwa mafuta hayo panda ndege hadi Windhoek, mji mkuu wa Namibia, ukodi gari hapo. Wanaendesha kushoto kama sisi. Barabara ya changarawe kwenda Sesriem usizidi 80, mawe yanachana tairi ubavuni. Dai spea mbili. Jaza tangi Solitaire, kituo cha njiani, au Sesriem.

Dereva_Masasi: Gari ya kukodi ukiizika mchangani bima inakuruka. Hilo hamsemi.

Bi_Korosho: Ndiyo maana pale maegesho kuna magari ya kubeba wageni. Lipa, panda, tulia.

Fundi_Chikongola: Asubuhi mchanga ukiwa baridi unashika vizuri, mchana unalegea. Geti linafunguliwa jua likichomoza, waliolala ndani Sesriem wanatangulia. Na pampu iwe ya kubana kwenye betri. Ya tundu la sigara inaunguza fyuzi, halafu urudi lami na pauni 18.

Shangani_Mjini: Ile Prado iliwaka?

Mwana_Madimba: Chumvi iliingia kwenye waya zote. Iliuzwa spea.