Kura ya tarafa katika utafiti wa SP: ilikuwa haki?

Mzee wa Kitangari:
Wengi tunakumbuka kuanzia 2005, tarafa 24 za Newala, Tandahimba, Ruangwa, Nachingwea na Lindi vijijini zilipopigiwa kura ya bahati nasibu: nusu zikatoa SP, dawa ya malaria, kwa watoto wachanga siku za chanjo ili kuwakinga, nusu zikasubiri. Mwanangu alizaliwa upande uliosubiri, akaugua malaria mara tatu kabla hajatimiza mwaka. Kama dawa ilikwisha kufaa katika utafiti wa awali wa Ifakara, tulisubiri nini? Nani angeuliza, ilhali akina mama hata kadi ya kliniki hawasomi?

Mwenyeji wa Nachingwea:
Pole sana, mzee wangu. Ifakara malaria ilipungua kwa asilimia 59 kwa watoto waliopewa dawa, wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa, lakini hapo watoto walifuatiliwa kwa karibu mno. Huku kwetu swali lilikuwa lingine: je, muuguzi wa zahanati, peke yake siku ya foleni, ataweza kuitoa bila kuvuruga chanjo? Tena hati punguzo za vyandarua zilikuwa zimeanza. Bila tarafa za kulinganisha, malaria ikishuka ungesema ni SP au ni chandarua?

Binti Ruangwa:
Ya kura nawaachia wenyewe. Mama yangu alipita kisomo cha watu wazima, na kadi zetu sita alizisoma mwenyewe, tarehe kwa tarehe, wakati baba hakujua hata zilikowekwa. Mzee wangu, ya kwenu aliyekuwa akiisoma ni nani?

Mzee wa Kitangari:
Alikuwa mke wangu, mwanangu, na nimekosa. Nilitaka kusema kwamba kura ikipigwa kwa tarafa nzima, mama hana pa kukataa wala kuomba kuhamia upande wa pili, hata awe msomaji wa namna gani.

Mama Nyangao:
Basi lisemwe hivyo tangu mwanzo, kaka, maana anayesoma na asiyesoma wote kura iliwapita juu. Na mmesahau kwamba SP yenyewe ilikuwa imeanza kuchoka. Mwishoni mwa 2006 wagonjwa wa malaria walihamishiwa dawa ya mseto.

Binti Ruangwa:
Nimepokea, mzee wangu. Ila baba bado hajui kadi ziliko.