CV itafunguliwa kwenye simu: kichwa chenye picha cha Canva au kile cha steshenari? Nitume ipi wakuu?

Mdigo Mpole
Wakuu habari za jioni. Naomba tusaidiane hapa kabla ya Ijumaa. Nina CV mbili, za ndani zote sawa, tofauti ni kichwa cha juu tu. Ya kwanza nimeitengeneza mwenyewe Canva, ile programu ya mtandaoni ya kubuni kurasa, ina ubao wa bluu kushoto, picha yangu kwenye duara, jina, halafu chini yake vile vialama vya simu, bahasha na kale kanyumba. Ya pili nimechapiwa steshenari hapa mtaani kwa buku tatu, juu kabisa imeandikwa CURRICULUM VITAE imepigiwa mstari, halafu jedwali la jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini, S.L.P, simu. Nimeambiwa anayepokea atafungulia kwenye simu. Ipi nitume? Natanguliza shukrani.

Kitasa
Kazi gani? Unatuma kwa njia gani? PDF au Word? Umeficha kila kitu halafu unataka jibu, hata mganga anauliza jina la mama kwanza.

Binti Msambaa
Canva, wala usijiulize mara mbili. Hiyo ya jedwali ni ya enzi za taipureta. Mimi nimeitwa intavyu mbili kwa CV ya Canva na picha nimeweka, tena nimetabasamu.

Mdigo Mpole
Kitasa mkuu, kazi ni ya ofisini.

Kitasa
Hata mlinzi yuko ofisini.

Fundi Chapa
Naona steshenari tunasemwa humu. Sawa, hiyo ya jedwali hata mimi nawachapia wateja kwa sababu ndiyo wanayoitaka, ukimwambia mtu dini haina kazi anakujibu kaka yake aliandika hivyo akapata kazi. Lakini tuongee hesabu kidogo. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha simu, hizi za kawaida tunazotumia, upana wake ni sentimita 7 hivi. Maana yake PDF yako ikifunguliwa inabanwa mara tatu. Herufi ya pointi 11 inasomeka kama ya pointi 3 na ushee, chukua rula uone udogo wake. Sasa steshenari wamekuandikia CURRICULUM VITAE kwa pointi 20, jina lako 12. Kwenye simu kitakachosomeka bila kuzumu ni hayo maneno mawili tu, ambayo mtu anayajua tayari maana ndiyo aliyoyaomba. Yafute. Jina lako ndiyo liwe kubwa, 24 au hata 26, namba ya simu 14. Ndani baki na 11, yule ataingia kuzumu akishapendezwa.

Na hiyo ya Canva shida yake ni ubao wa pembeni. Mtu akizumu kushoto aone namba, kulia kunatoka nje ya kioo, akirudi kulia namba imepotea. Anasoma CV kama anatafuta sindano kwa tochi.

Binti Msambaa
Fundi punguza, watu wana simu kubwa siku hizi.

Fundi Chapa
Kubwa ya urefu dada, upana ni ule ule.

Mdigo Mpole
Samahani wakuu nilikuwa nakula. Kazi ni msaidizi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Dar. Natuma WhatsApp kwa dada wa rasilimali watu, yeye ndiyo anamrushia bosi ambaye muda mwingi hayupo ofisini. Ya steshenari ni Word, ya Canva ni PDF.

Kitasa
Ungeanza hapo tangu mwanzo tungekuwa tumeshalala.

Mama Nasri
Ngoja niwasimulie yaliyonikuta mimi, maana mnabishana ukubwa wa herufi na mie yangu ilikuwa herufi safi kabisa. Nilikuwa natafuta kazi ya uhasibu msaidizi, nikamwomba shemeji yangu anajua kompyuta anipangie CV. Kijana akanifanyia kitu kizuri kweli, jina na namba ya simu na imeili akaviweka juu kwenye heda ya Word, ile sehemu ambayo ukiandika mara moja inajirudia kila ukurasa, akasema ili hata kurasa zikiachana wajue ni yako. Nikaona ana akili. Nikatuma kwa WhatsApp, ikaonekana imesomwa, wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, mwezi ukakatika. Siku moja nakutana na mtu wa pale kwenye daladala, tunafahamiana kwa mbali, ananiambia wewe si ndiye yule ambaye CV yako haikuwa na jina? Nikasema haikuwa na jina vipi. Anasema bosi aliifungua kwenye simu, ikaanza moja kwa moja na ELIMU, hakuna jina hakuna namba, na aliyetumiwa mwanzo alishaifowadi kwenye grupu kwa hiyo namba yangu ya WhatsApp haikwenda nayo. Wakacheka wakaendelea na wengine. Nilishuka kituo siyo changu siku ile. Nikafika nyumbani nikaifungua kwenye simu ya mume wangu, kweli, Word ya simu ina ule mwonekano wa kupanga maandishi yakae upana wa kioo, ukiwashwa huo heda haionekani kabisa. Kwenye kompyuta ya shemeji ilikuwepo, inang'aa. Kwa hiyo Mdigo, chochote utakachochagua, jina na namba viandike kwenye ukurasa wenyewe, usiviweke kwenye heda wala kwenye kile kiboksi cha maandishi, na tuma PDF. Kazi ile aliipata mtu mwingine, na shemeji hadi leo anasema kosa ni la simu ya bosi.

Kitasa
Pole sana Mama Nasri. Ila shemeji ana hoja kidogo.

Mama Nasri
Usinichefue.

Karis wa Thika Road
Niko Nairobi. Hiyo mambo ya dini na ndoa mbona bado mnaandika? Mtu wa kutoa mizigo akijua umeoa inamsaidia na nini? Kwangu kichwa ni laini tatu: jina, kazi unayofanya, namba na imeili. Namba anza na +255, halafu tenganisha tatu tatu ndio jicho isipotee.

Mtoto wa Ng'ambo
Mie wa Unguja, naona dini hapo haina neno, inategemea unaomba wapi. Kuna kazi nyengine wanauliza.

Karis wa Thika Road
Watauliza kwa intavyu basi.

Mtoto wa Ng'ambo
Na wakishauliza si umeshapoteza nauli ya boti?

Binti Msambaa
Mnatoka nje ya mada. Picha je?

Fundi Chapa
Picha ile ya duara inakula nafasi ya mistari minne mitano pale juu. Halafu kumbuka WhatsApp ikipokea PDF inaonyesha kipande cha juu cha ukurasa wa kwanza kabla mtu hajagusa. Hicho kipande ndiyo tangazo lako. Sasa uchague, aone uso au aone jina na kazi.

Binti Msambaa
Uso wangu unauza 😂

Mzee wa Mipaka
Nyote mmekosea. Dawa ni kubadilisha ukubwa wa karatasi. Panga ukurasa A5 tangu mwanzo, upana milimita 148. Kwenye simu itabanwa mara mbili tu, pointi 11 inabaki 5 na kitu, inasomeka. Mimi CV yangu ni A5 na sijawahi kulalamikiwa.

Fundi Chapa
Na wakiprinti? Mashine inaikuza ijae A4, herufi yako ya 11 inatoka kama 15, CV inafanana na kadi ya mwaliko wa harusi. Tena kurasa mbili zinakuwa nne.

Mzee wa Mipaka
Nani anaprinti siku hizi?

Fundi Chapa
Mimi naprinti toka saa moja asubuhi mzee wangu, CV za watu, njoo uone foleni.

Mzee wa Mipaka
Hao ni waombaji, siyo waajiri.

Mama Nasri
Bosi wangu wa sasa anaprinti kila kitu hadi meseji.

Kitasa
Mdigo rudi huku. Vile vialama vya simu na bahasha umeviweka vya nini? Mtu akiona +255 atadhani ni namba ya kiatu? Mimi nilishaona CV ya Word imefunguliwa kwenye simu nyingine vialama vyote vimegeuka viboksi vitupu kwa sababu ile fonti haipo. Andika tu "Simu". Na ukitoa PDF kwenye Word usipite njia ya kuprinti, tumia kusevu kama PDF, linki ya imeili inabaki hai, akigusa inafunguka. Kwa njia ya kuprinti mara nyingi linki zinakufa.

Mdigo Mpole
Asanteni wakuu nimesoma yote. Imeili yangu ni ndefu kidogo, ina neno mtotowapwani na mwaka wa kuzaliwa na vistari viwili, inavunjika mistari miwili. Nipunguze fonti?

Karis wa Thika Road
Punguza imeili.

Kitasa
😂😂 Fungua nyingine ya jina lako ni dakika tano.

Mdigo Mpole
Za jina langu zote zimechukuliwa. Halafu hii ndiyo nimejazia kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, naogopa kuchanganya.

Mtoto wa Ng'ambo
Kule si unajaza taarifa mle mle kwenye mfumo wao, kichwa chako cha CV hakiwahusu. Usichanganye mambo.

Mdigo Mpole
Basi nimefanya hivi: nimechukua ile ya steshenari, nimefuta CURRICULUM VITAE, nimetoa dini, ndoa nimeiacha kwanza, jina nimeweka 24. Ila Binti Msambaa amenitia tamaa, picha nimeirudisha pembeni kulia, ndogo. Nimejitumia mwenyewe WhatsApp, jina linaonekana hadi "Mw" halafu picha inalikata.

Fundi Chapa
Toa picha.

Binti Msambaa
Punguza jina, la babu lina kazi gani?

Mdigo Mpole
Vyeti vina majina matatu dada, nikitoa moja wataniuliza.

Mama Nasri
Faili umeliitaje?

Mdigo Mpole
CV mpya ya mwisho (3).

Kitasa
Yesu na Maria.

Jirani Mpya
Samahani kuingilia uzi. Na barua ya maombi nayo, ile anwani mbili za juu moja kulia moja kushoto, kwenye simu zinakaaje? Nina ya kutuma kesho asubuhi.

Kitasa
Kazi gani? Unatuma kwa njia gani?