Naomba ushauri: kopo la kukamata oili, Hilux yenye injini ya dizeli 1KD na tabo

Wakuu wa Tabora na Kigoma, shikamooni. Mpira wa kupumulia injini unapeleka mvuke wa oili kabla ya tabo (kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini). Oili inatuama kwenye intakula (kipoza hewa ya tabo), kisha inagandamana na masizi ya EGR (njia inayorudisha moshi kwenye injini). Ringi za pistoni ni nzima, kompresheni imepimwa.

Nataka kopo lenye vizuizi ndani, mipira ya milimita 19 ya kuhimili oili (ya maji hulainika, hewa ikavutwa inajibana), nalo likae chini ya usawa wa tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini). Kuachia mvuke nje sitaki. Na tundu la kwenye tabo likiachwa wazi litavuta vumbi lote la Uvinza. Kopo likiziba nako, presha ya ndani ya injini inatoboa sili za krenki.

Je, oili irudi sampo (bakuli la oili chini ya injini) au niimwage kwa mkono, maana huja na maji? Vali ya usalama ya kuachia presha kopo likiziba ni lazima?