Mkahawa Kisumu: vyoo vitenganishwe au viwe vya watu wote?

Nyakwere
Hamjambo. Tunafungua mkahawa karibu na soko la Kibuye na fundi anaanza Jumatatu. Tuna nafasi ya vyoo viwili tu. Kimoja cha wanaume na kimoja cha wanawake, au vyote viwe vya yeyote?

FundiMabomba
Viti vingapi? Wafanyakazi wangapi? Eneo lina upana gani? Na maji machafu yanaingia kwenye mtaro wa mji au shimo lenu? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

MamaChai
Vya watu wote, bila kusita. Saa saba mchana wanawake wanapanga foleni huku cha wanaume kikiwa wazi. Wanawake hukaa chooni muda mrefu zaidi: nguo, sodo, mtoto. Vyumba viwili vya wote, anayefuata anaingia kilicho wazi, foleni inaisha.

Omwami
Dada, hapa ni magharibi mwa Kenya. Mama mkwe na mkwewe hawasalimiani hata kwa mkono, sembuse kupokezana choo kimoja? Wazee wataona haya na hawatarudi. Tenganisha.

FundiMabomba
Omwami, aibu hiyo inaletwa na ujenzi. Kuna jengo moja mjini walikata vyumba kwa mbao za MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi), chini wakaacha nafasi ya sentimita 20, juu hazifiki dari, halafu wakaandika "wote". Kila sauti ilisikika. Sakafu ilipooshwa kila siku mbao zikafura kuanzia chini, milango ikakwama, makomeo yakaacha kukutana na matundu yake. Wanawake wakawa wanasindikizana ili mmoja ashike mlango, na hatimaye wengi wakaacha kuingia. Mwenye jengo akalaumu desturi. Kosa lilikuwa ukuta! Jenga kwa mawe hadi darini, mlango mzima, komeo linaloonyesha nyekundu au kijani, na feni ya kutoa hewa kila chumba. Watu wanachokataa ni kuonekana na kusikika.

Nyakwere
Samahani, nilisahau. Viti 36, wafanyakazi 7 (wanawake 4), jengo la kukodi. Eneo la vyoo ni mita 2.4 kwa 3. Mtaro wa mji upo.

Wuod_Nam
Wafanyakazi ndio swali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka vyoo vilivyotengwa pale wanaume na wanawake wanapoajiriwa pamoja. Mpelekee afisa wa afya wa kaunti mchoro kabla ya jiwe la kwanza, na upate idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi.

MamaChai
Na mwenye kiti cha magurudumu? Anahitaji duara la mita 1.5 kugeuka, na mlango wa sentimita 90 unaofunguka nje. Fanya kimoja kikubwa, kimoja kidogo.

FundiMabomba
Pima kwanza. 2.4 ukitoa 1.5 na ukuta wa sentimita 10, kidogo kinabaki na upana wa sentimita 80. Hapo ni finyu. Ukigawa sawa unapata vyumba vya 1.15 kwa 1.8, na mbele, ukitoa ukuta, mita 1.1 ya sinki la pamoja, lakini kiti hakigeuki. Bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2.5 kila mita, ama litaziba.

Omwami
Na Waislamu je? Kila chumba kiwe na mpira wa kujisafishia, na sakafu iinamie kwenye tundu la maji.

Wuod_Nam
Hapo nakuunga mkono. Weka pia tangi la lita 1,000 juu, maji ya bomba yakipotea saa za chakula mchana, vyoo viwili havivumilii hata saa moja.

MamaChai
Ndoo ya sodo yenye kifuniko cha kukanyaga iwe katika vyumba vyote viwili. Ikikosekana, sodo zinaingia bakulini na fundi ataitwa kila wiki.

Nyakwere
Ndoo nimeandika. Kiti cha magurudumu ndicho kinanisumbua sasa. Tukipunguza sinki tuliweke ndani ya kile kikubwa, itasaidia?

FundiMabomba
Mlango wa kuingilia eneo hilo uko upande gani?