Komenti kwenye mabano ya kufunga: ziandikwe kwenye faili au zioneshwe tu na kihariri?

Fundi_Igoma
Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Tuna mfumo wa kupokea mizigo ya dagaa na kayabo pale Mwaloni Kirumba, umeandikwa kwa JavaScript. Faili zimekuwa ndefu, ukifika chini unakutana na hiki:

```
        }
      }
    });
  }
}
```

Lipi linafunga kitanzi cha mizigo, lipi linafunga sharti la uzito? Nataka kila bano la kufunga lijiwekee komenti (maelezo ya msomaji, kompyuta huyaruka) lenyewe, mfano `} // if (mzigo.uzito > 0)`. Kihariri changu ni VS Code, mwenzangu anatumia Vim. Ipi bora, iandikwe ndani ya faili au ionekane kwenye skrini tu? Natanguliza shukrani.

Nyegezi_Dev
Mkuu, usiandike ndani ya faili. Leo sharti ni `mzigo.uzito > 0`, kesho mwenzako anaweka `>= 5`. Juu kumebadilika, chini komenti bado inasema sifuri. Siku mfumo unakataa mizigo midogo na wachuuzi wamepanga foleni kwenye mzani, anayetafuta tatizo ataisoma ile ya chini na kuiamini. Tena Git, inayotunza historia ya mabadiliko, itajaa mistari iliyoguswa bila sababu, na anayekagua kazi yako lazima aipitie yote.

Weka Bracket Lens, ni kiendelezi cha VS Code. Inachukua maneno yaliyofungulia bano na kuyaonesha kwa rangi hafifu pembeni ya bano la kufunga. Kwenye faili hayamo, na ukirekebisha juu, chini nako kunafuata.

Dada_Bukoba
Wa Flutter, mnaotengeneza programu kwa lugha ya Dart, hamna haja ya kutafuta, kiendelezi cha Dart kinayo tayari. Setingi inaitwa `dart.closingLabels`. Wijeti (vipande vinavyojenga skrini) zinavyobebana, Scaffold ndani yake Column, ndani yake Padding, kule mwisho unaona `// Padding`, `// Column`, kila moja kwenye bano lake. Android Studio nayo inaonesha.

Mzee_wa_C
Nyegezi_Dev yuko sahihi kwa JavaScript. Kwenye C++ mimi naziandika, na sioni ubaya. Ukiweka `FixNamespaceComments: true` kwenye clang-format, programu ya kupanga msimbo, inaongeza jina la namespace (kundi la majina kwenye msimbo) baada ya bano la kufunga, na jina likibadilika inasahihisha komenti iliyopitwa. Anayeiandika ndiye anayeitunza, hiyo ndiyo tofauti. Kiendelezi kinachoandika mara moja halafu kikakuachia mzigo, kiepuke.

Wa Rust: rust-analyzer, msaidizi wa lugha hiyo ndani ya kihariri, inaonesha bila kuandika, na kwa kawaida inaanzia kwenye mabano yaliyozingira mistari 25. Naupenda huo mpaka, maana kipande cha mistari mitatu kinajieleza.

Kijana_Ukerewe
HTML je? Emmet, inayogeuza vifupi kuwa HTML kamili, inaandika. Ukimalizia kifupi na `|c`, mfano `div#bei|c`, unapata `<!-- /#bei -->` chini ya lebo ya kufunga.

Nyegezi_Dev
@Kijana_Ukerewe inaandika mara moja tu, mdogo wangu. Ukibadilisha id baadaye, komenti inabaki na jina la zamani.

@Fundi_Igoma, mwenzako wa Vim aweke kishale kwenye bano abonyeze `%`, anarukia pacha wake. Wewe hakikisha pia `editor.stickyScroll.enabled` imewashwa, iko VS Code tangu toleo la 1.70 la Julai 2022. Vichwa vya fankisheni na vitanzi ulivyomo vinabaki juu ya skrini unaposhuka. Rangi za mabano zimo humo humo tangu 2021, usipakue kiendelezi kingine cha rangi. Halafu ivunjeni hiyo fankisheni ya kupokea mizigo, mabano matano mfululizo ni mengi.

Fundi_Igoma
Kuivunja tutaivunja, ila si wakati huu wa msimu wa dagaa, watu wako mzanini usiku kucha. Kwa sasa naiingiza Bracket Lens kwenye `.vscode/extensions.json`, kila atakayefungua mradi kwa VS Code apendekezewe. Asanteni sana, nawe dada wa Bukoba, upande wa simu tunatumia Flutter kwa hiyo umenisaidia.