Tupeane uzoefu: mpelelezi kimbelembele wa mji mdogo alikupigaje chenga?

Msomaji wa Usiku

Wakuu, salaam. Juzi usiku nimemaliza riwaya moja ya ule mtindo tunaoupenda: mji mdogo, watu wanajuana kwa majina na kwa madeni, anakufa mtu, polisi wanamkamata asiyehusika, halafu anajitokeza kimbelembele ambaye kazi yake ni kitu kingine kabisa. Wa kwangu alikuwa fundi cherehani. Alimnasa muuaji kwa pindo la koti. Mshukiwa alidai koti lile hajaligusa tangu mwaka uliopita, kumbe fundi alilipunguza kwa mkono wake wiki moja kabla ya kifo. Habari ya pindo ilikuwepo ukurasa wa 22. Niliisoma na kuipita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme.

Basi tupeane uzoefu. Umewahi kumjua muuaji kabla ya mpelelezi? Ulimjuaje? Na kama ulipigwa chenga, ulipigwa wapi? Sharti ni moja tu: ukitaja kitabu usimtaje muuaji, ukimtaja muuaji usitaje kitabu. Wengine ndio kwanza tuko ukurasa wa tatu.

Kiko Kimezimika

Mimi mlango wangu ulikuwa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. Riwaya ya kwanza ilitoka 1960, mimi nimeikuta imeshachakaa jalada. Bwana Msa si askari, hana cheo, ana kiko chake na rafiki yake Najum. Nilipoanza kusoma nilijiona Bwana Msa. Kila Najum akishangaa, namcheka. Nilipofika mwisho nikakuta yote aliyoyashangaa Najum na mimi sikuyaelewa, tofauti ni kwamba yeye alikiri.

Tangu siku hiyo nikisoma upelelezi namwangalia rafiki wa mpelelezi. Akisema jambo fulani ni dogo, nasimama hapohapo na kurudi nyuma kurasa mbili. Sikosi sana siku hizi, ingawa namkosa muuaji na kupata sababu, au napata muuaji na sababu sina.

Penseli Butu

Uzi huu ni wangu kabisa, nivumilieni ni mrefu.

Nyumbani tulikuwa na rafu moja ya vitabu, vingi vya upelelezi. Siku moja, nina kama miaka kumi na tatu, nasoma kimoja, nikafika ukurasa wa 40 na kukuta pembeni kwa penseli: "Ni daktari." Basi. Maneno mawili, na kitabu kimeniharibikia. Nikachukua kingine. Ukurasa wa 58: "Huyu mpwa anadanganya." Nikahisi kuna mtu ndani ya nyumba ananifanyia makusudi.

Nikafungua jalada la uchunguzi, daftari la hesabu lililobaki kurasa. Mshukiwa wa kwanza kaka yangu, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kwa kila jambo baya. Nikamwomba aniandikie neno "daktari" kwa kisingizio cha imla. Herufi hazikufanana. Baba alikuwa anaandika kwa kalamu ya wino tu, hata orodha ya madeni. Dada hakuwa anasoma chochote kisicho na picha. Wageni niliwafuta kwa sababu mwandiko ule ulikuwa kwenye vitabu vya miaka tofauti.

Mama sikumweka hata kwenye orodha. Sikuwahi kumwona na riwaya mkononi. Kwa mawazo yangu mama alikuwa mtu wa kuuliza kama umepiga pasi sare.

Nilimnasa kwa bahati, si kwa akili. Usiku nimeamka kunywa maji, taa ya sebuleni inawaka, mama amekunja miguu kwenye kiti, kitabu mapajani, penseli imechomekwa kwenye kilemba. Akaniambia, "Nenda kalale, bado sijajua."

Kesho yake nikamlalamikia kwamba ananiharibia vitabu. Akacheka sana. Akaniuliza, "Wewe ulikimaliza kile cha daktari?" Sikukimaliza, ningemaliza cha nini wakati najua? Akasema, "Kamalize."

Hakuwa daktari! Mama alikuwa anaandika dhana yake pale inapomjia, ili mwisho ajipime. Nilipoanza kuhesabu, katika vitabu tisa alipatia vinne. Mimi nilikuwa nimeacha vitabu vitano vizuri kwa kuamini penseli ya mtu aliyekosea.

Msomaji wa Usiku

Mkuu, hiyo ya penseli kwenye kilemba ni ushahidi wa kutosha mahakamani. Na ona ulivyomruka mama. Waandishi wanamchagua bibi mfuma sweta au fundi cherehani kwa sababu hiyohiyo, watu wanaongea mbele yake kana kwamba hayupo. Miss Marple, mpelelezi wa mwandishi Mwingereza Agatha Christie, ameingia kwenye riwaya tangu 1930 akiwa bibi mzee kijijini, na kila anayekutana naye anadhani amekuja kunywa chai.

Dozi Kamili

Nafanya kazi ya famasia. Wauaji wa sumu nawakamata kwa saa. Saianidi ni jambo la dakika. Ukiniambia marehemu alipewa kwenye kikombe cha jioni na akafa usiku wa manane baada ya kucheza karata, najua kikombe hicho ni cha kutuzuga. Arseniki kidogokidogo inafanana na tumbo linalosumbua, kwa hiyo mwandishi akianza kumtajia tajiri matatizo ya tumbo sura ya pili, mimi namtazama anayemwandalia mlo.

Christie alifanya kazi ya dawa hospitalini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na inaonekana. Sumu zake zina adabu, zinafanya zinachotakiwa kufanya. Wengine wanatia "sumu isiyojulikana" na mimi nafunga kitabu palepale.

Kurasa Zilichanika

Mimi sijawahi kupigwa chenga na mwandishi, nilipigwa na mchwa. Shuleni kilizunguka kitabu kimoja kisicho na kurasa kumi za mwisho. Bweni zima tulikisoma, tukagawanyika pande mbili, wanaosema mke na wanaosema karani wa posta. Urafiki ulivunjika.

Miaka mingi baadaye nikakipata kizima. Alikuwa mtu wa tatu ambaye hakuna aliyemfikiria, na sababu yake dhaifu mno. Hoja ya karani wa posta ilikuwa bora. Bado nasema ni karani.

Muswada Droo

Nimejaribu kuandika moja, kwa hiyo naomba muwahurumie waandishi. Tatizo la kwanza: kimbelembele ataingiaje eneo la tukio? Polisi anamfukuza, na ana haki. Nikamfanya fundi wa kufuli, afunguaye milango. Vizuri. Tatizo la pili: watu. Mji wangu ulikuwa na wahusika kumi na wawili. Kufikia sura ya sita wamekufa watatu, mmoja yuko rumande, na waliobaki nashangaa kwa nini hawahami. Ile tamthilia ya Marekani ya Jessica Fletcher ilikwenda vipindi 264 kuanzia 1984 hadi 1996, na wakazi wa Cabot Cove, mji wake mdogo, waliendelea kumwalika chakula cha usiku. Mimi ningefunga mlango nikimwona tu anakuja.

Tatizo lililoniua ni la tatu. Ronald Knox, padri aliyekuwa akiandika upelelezi, alitoa kanuni kumi mwaka 1929, na ya kwanza inataka mhalifu awe ametajwa mapema. Wangu nilimleta sura ya 17. Nilimpenda sana nikawa namficha, nikamficha hadi msomaji asingeweza kumjua kamwe. Rafiki yangu aliusoma muswada akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Kiko Kimezimika

@Penseli Butu, bi mkubwa bado anasoma? Alama zake zikoje siku hizi?

Penseli Butu

Anasoma, sasa kwa miwani miwili. Kitabu nilichonacho ametoka kukimaliza yeye. Ukurasa wa 31 ameandika "Kasisi", akalikata neno hilo, chini yake "Mkewe", na alama ya kuuliza. Nimemuuliza ipi sahihi, ananiambia nimwache apike.

Niko ukurasa wa 60. Mke wa kasisi ndiyo kwanza anaaga anakwenda kumtazama dada yake mgonjwa, na hakuna aliyewahi kusikia ana dada. Nitarudi.